Madoa sugu kwenye nguo: jua doa ni la nini kabla hujamwaga Jik (wafuaji wa Mbeya, Iringa na Njombe karibuni)

DobiWaUyole

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Tukuyu na Kyela, na wengine wote habari zenu.

Nafua nguo za watu hapa Uyole, kwa mkono, beseni na brashi. Nguo nyingi zinazonishinda hazinishindi kwa sababu ya doa lenyewe. Zinanishinda kwa sababu ya yaliyofanyika nyumbani kabla hazijanifikia. Mtu kaona doa, kamwaga maji ya moto. Halikutoka, kafikicha na sabuni ya mche. Bado lipo, kaongeza Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Bado lipo, kapiga pasi avae hivyo hivyo, ndipo kakumbuka kuna dobi. Hapo hata mimi naitazama tu.

Kwa hiyo uzi huu naupanga kwa madoa, siupangi kwa dawa. Nitataja yale tunayoyapata huku kwetu. Ukishajua doa limetokana na nini, mara nyingi dawa yake iko jikoni au duka la dawa la mtaani. Na kabla sijaenda mbali: pasi isiguse doa, hata kama una haraka ya kanisani.

Utomvu wa ndizi. Naanza na huu kwa sababu ndio mbabe wa Rungwe nzima. Ukimenya ndizi mbichi, utomvu unadondoka hauna rangi, unadhani si kitu. Ukishakutana na hewa unaanza kubadilika, na kesho yake una doa la kahawia linaloelekea weusi. Kuna vitu ndani yake vinavyoungana na oksijeni, na jambo hilo hilo ndilo linalofanya ndizi uliyomenya iwe nyeusi ukiiacha mezani. Kumbe dawa ya kwanza ni wepesi wako. Ukiwa bado mbichi, chukua pamba yenye mafuta ya taa kidogo, gusagusa ule ulimbo uachie, halafu tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, fikicha, suuza kwa maji ya baridi, rudia. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa. Ukikauka kwenye pamba nyeupe, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Unadondoshea juu ya doa, unasubiri, unasuuza, unarudia. Unapunguza sana. Lakini ukishakauka, ukafuliwa kwa moto na kupigwa pasi, nakwambia ukweli ninaowaambia wateja: utafifia, hautaisha. Shati hilo lipake rangi nzito au lianze maisha ya shambani.

Ndiyo maana bibi zetu walikuwa na nguo ya kumenyea ndizi. Haikuwa ushamba.

Chai na kahawa. Hapa kosa ni sabuni ya mche. Chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi zote zina tanini (kile kinachokaza ulimi), na tanini ukiipaka sabuni ya mche moja kwa moja inazidi kushika. Geuza nguo, mwagia maji ya baridi kutoka upande wa nyuma ili doa litoke lilikoingilia. Halafu siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya siki kwa mbili za maji, dakika chache, kisha sabuni ya maji au ya unga iliyoyeyushwa. Kama ni chai ya maziwa una madoa mawili kwa pamoja, la tanini na la maziwa, kwa hiyo maji ya moto usiyaguse kabisa mwanzoni.

Damu. Maji ya baridi. Baridi kweli, yale ya bomba la asubuhi mwezi wa saba. Damu ni protini, na ukiimwagia maji ya moto inaganda ndani ya uzi kama ute wa yai kwenye kikaango. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi, badilisha maji yakiwa mekundu, maliza na sabuni. Likibaki kivuli kwenye nguo nyeupe, ile peroksaidi tena. Itatoa povu jeupe, usiogope, ndiyo kazi yake.

Grisi na mafuta ya mashine. Barabara ya Tunduma haikosi malori wala mafundi wake. Nyunyizia poda au unga wa sembe kwanza ufyonze, kung'uta, halafu sabuni ya maji ya vyombo juu ya nguo KAVU. Ukianza na maji, mafuta yanajikinga. Grisi iliyokomaa ilainishe na mafuta kidogo ya kula, ndipo sabuni, ndipo maji ya vuguvugu. Petroli sishauri, kuna watu wameungua wakifulia petroli karibu na moto.

Jasho la kwapani. Ule unjano mgumu kwenye shati jeupe ni jasho lililokutana na dawa ya kwapa, nyingi zina chumvi za aluminiamu. Jik inauzidisha. Loweka kwenye siki na maji, fikicha kwa mswaki wa zamani, fua kawaida. Na usilaze shati lenye jasho kwenye tenga mpaka Jumamosi.

Nimeacha mengi. Leteni ya kwenu, na mwenye doa aseme mambo matatu: ni la nini, kitambaa gani, na umeshalitia nini.

---

MnyaluMpole

Kamwene dada dobi. Umeacha udongo mwekundu na huku Iringa ndio habari ya mjini. Mtoto anatoka shule soksi zilikuwa nyeupe, sasa zina rangi ya matofali. Mama yangu alikuwa na sheria moja: tope haliguswi likiwa bichi. Liache likauke kabisa, lipige kwa brashi kavu, vumbi liruke. Ukilifikicha bichi unalisukuma ndani ya nyuzi.

Baada ya hapo nageuza soksi ndani nje, nasuuza mpaka maji yatoke meupe, NDIPO natia sabuni ya unga na kuloweka. Wengi wanaloweka na tope lake. Hapo unakuwa unapaka rangi.

---

DobiWaUyole

Kamwene kaka. Mama yako alikuwa dobi bila kibao. Naongezea tu kwamba wekundu ule ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo. Kwa hiyo likibaki doa hafifu baada ya sabuni, litibu kama kutu: maji ya limao na chumvi, lianike juani likiwa bichi, ukiona linakauka ongeza limao, halafu suuza vizuri. Jik kwenye udongo mwekundu ni kupoteza hela. Chuma hakiogopi klorini.

---

BabaPacha_Kabwe

Wakuu mnajichosha. Mimi nguo nyeupe zote Jik, nusu saa, zinang'aa. Siki, limao, chumvi, hii ni kachumbari au kufua?

---

MwalimuWaKemia

Hahaa, mkuu Kabwe, Jik ina kazi yake na hakuna anayeikataa. Madoa ya rangi kama juisi ya zambarau au koga kwenye pamba nyeupe, inayamaliza. Inavunja ile sehemu ya molekuli inayoonyesha rangi. Ila angalia isichoweza: mafuta, hapana. Kutu, hapana. Jasho lenye dawa ya kwapa, inaharibu zaidi.

Halafu kuna kitambaa. Sufu inayeyuka kwenye Jik. Sisemi inachakaa, nasema inayeyuka. Weka uzi wa sufu halisi kwenye Jik isiyochanganywa na maji uone kesho kama utaukuta. Hariri vilevile. Nailoni na zile nguo za kuvutika zinageuka njano na kulegea. Na huku kwetu baridi, kila nyumba ina masweta ya mtumba, mengi ni sufu au yamechanganywa na sufu.

Jambo la pili. Hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa anayechemsha mashuka kwenye sufuria haidhuru. Lakini maji ya bomba yetu ni baridi kiasi kwamba sabuni ya unga haiyeyuki, unakuta chembe zimeganda kwenye mifuko ya suruali. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, ndipo umimine kwenye beseni. Ukiyeyusha vizuri unatumia sabuni kidogo.

---

MamaWaMbalizi

Shikamoo mwalimu, shikamoo dada dobi. Nina swali ambalo limenitesa. Nyumba tuliyohamia tunatumia maji ya kisima. Nikifua mashuka meupe kwa sabuni tu yanatoka sawa. Nikitia dawa ya klorini yanageuka njano, mengine yana mabaka ya rangi ya chai. Nilibadilisha duka nikidhani nauziwa feki, ikawa yale yale. Mume wangu anasema nimeyaunguza.

---

MwalimuWaKemia

Marahaba mama. Hujaunguza kitu, na dawa pengine si feki. Maji ya visima vingi yana chuma kilichoyeyuka. Kikiwa kimeyeyuka hakionekani, maji yanakuwa maangavu kabisa. Ukitia klorini, kile chuma kinaoksidishwa, kinakuwa kutu papo hapo ndani ya beseni, na kutu inatafuta pa kushika. Inashika shuka.

Pima mwenyewe. Chukua chupa nyeupe ya maji ya uhai, jaza maji ya kisima, tia kifuniko kimoja cha dawa, tikisa, iache. Yakigeuka njano au yakaweka mashapo ya kahawia chini, chuma kipo. Fanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua ulinganishe.

---

MamaWaMbalizi

Nimepima leo. Ya kisima yamekuwa kama chai ya rangi. Ya mvua yamebaki meupe. Nimemwita baba watoto aje aone.

---

DobiWaUyole

Mwalimu Mungu akubariki. Nina wateja wa visima na nilikuwa nawaambia tu "usitie Jik" bila kujua sababu ya ndani.

Mama wa Mbalizi, shika haya. Nyeupe zako fulia maji ya mvua, na kama bati lako ni la zamani lenye kutu, mvua ya kwanza iache ipite isafishe paa ndipo ukinge. Kama ni lazima kisima, teka jioni, acha ndoo wazi usiku kucha, asubuhi chota ya juu taratibu uache mashapo chini. Yale mashuka yaliyokwisha kugeuka njano, yasuuze mara nyingi mpaka harufu ya klorini iishe KABISA, yakauke, siku nyingine ndipo uyaloweke kwenye maji ya limao. Limao linakamata ile kutu na kuitoa na maji. Usifanye vyote siku moja kwenye beseni moja.

---

DawaBaridi_Njombe

Naomba hilo la mwisho likolezwe. Nafanya kazi duka la dawa. JIK HAICHANGANYWI na limao, siki, wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, inakaba kifua, na huku Njombe watu wanafulia ndani milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Pia haichanganywi na chochote chenye amonia. Tia Jik ndani ya maji, usimimine kavu kwenye nguo, na fungua dirisha hata kama kuna ukungu nje.

Watu wanakuja kukohoa dukani halafu wanasema walikuwa "wanafua tu".

---

BabaPacha_Kabwe

Sawa nimenyoosha mikono. Mke wangu kasoma hapa kaondoka na chupa ya siki bila kusema neno.

---

KyelaKwetu

Ndaga fijo kwa uzi. Huku Kyela tuna mawese. Doa la mawese kwenye gauni la kwenda harusini ni kilio. Utaalamu wa huku: usitie maji kwanza. Kwangua kwa kijiko, sabuni ya maji juu ya doa kavu, fikicha mpaka rangi ianze kuhama, ndipo maji ya vuguvugu. Utaona mafuta yametoka lakini unjano umebaki. Hapo usihangaike na dawa nyingine, anika juani. Jua la Kyela linakula ule unjano lenyewe, jioni unakuta umefifia, kesho anika tena.

---

MwalimuWaKemia

Sahihi. Rangi ya mawese ni karotini, ndugu wa ile ya karoti, na haivumilii jua. Manjano ya pilau na mchuzi nayo ni hivyo hivyo, tena yana kituko chake: ukiyafikicha na sabuni au maji ya majivu yanageuka mekundu ghafla. Watu wanapiga kelele wakidhani doa limegeuka damu. Ni sabuni tu imebadilisha rangi yake, ukisuuza na kutia siki kidogo yanarudi kuwa njano. Halafu juani.

---

KyelaKwetu

Kumbe! Kuna shemeji yangu alitupa kitambaa cha meza kwa hilo hilo.

---

Paina_Mafinga

Habari wakuu. Mimi nagema utomvu wa misindano (paina) huku Sao Hill. Nguo za kazi zimekakamaa zinasimama zenyewe. Sabuni haigusi. Kuna njia?

---

DobiWaUyole

Karibu kaka wa Mafinga. Utomvu wa paina hausikii maji, unasikia spiriti na mafuta. Asubuhi ya baridi kule kwenu tayari ni dawa: tundika nguo nje usiku, utomvu ukakamae, asubuhi na mapema ukwangue kwa kisu butu, utavunjika vipande. Kinachobaki, pamba yenye spiriti ya duka la dawa, weka kitambaa kikuukuu chini ya doa kipokee, gusagusa ukitoka pembeni kuja katikati. Ukisugua kutoka katikati unalipanua. Spiriti ikishakauka, sabuni ya maji ya vyombo, maji ya vuguvugu.

Njia hiyo hiyo ya baridi inaachisha bigjii kwenye suruali ya mtoto. Na spiriti ndiyo dawa ya wino wa kalamu, kwa wale wanaoweka kalamu mfukoni bila kifuniko. Walimu, nawatazama.

---

MwalimuWaKemia

Nimesikia.

---

FundiCherehani_Soweto

Dada dobi kasema watu waseme kitambaa gani, lakini wengi hawajui, na mtumba hauna kibandiko, au kimekatwa. Njia ya mafundi: chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibanio, uwashe juu ya sinia la bati. Ukiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha kitu cheusi kinachosagika, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka na kuacha kitufe kigumu, ni poliesta au nailoni. Ukifanya vyote viwili, ni mchanganyiko, na mashati mengi ya shule ni mchanganyiko.

Poliesta inapenda mafuta. Ndiyo maana doa la mafuta linatoka kwenye pamba na kung'ang'ania kwenye sare ya mtoto. Hapo sabuni ya vyombo mara mbili tatu, bila papara.

Na jamani kabla hujatia dawa yoyote kwenye kitenge, jaribu kwenye pindo. Nashona gauni la laki, mtu analimwagia peroksaidi katikati ya kifua.

---

Binti_Ilomba

Kaka fundi, nimesikia kitenge kipya ukiloweka kwenye chumvi hakitoi rangi. Kweli?

---

FundiCherehani_Soweto

Mdogo wangu, tunafanya wote, na mimi nilikuwa nawaambia wateja. Lakini kitenge cha kutoa rangi kinatoa tu hata ukikimwagia mfuko mzima.

---

MwalimuWaKemia

Fundi kasema. Chumvi inasaidia wakati nguo inapakwa rangi, kule kiwandani. Nguo ikishafika kwako, rangi isiyoshika haishikishwi na chumvi. Kifue peke yake, maji baridi, mara kadhaa, mpaka yale maji yatulie. Na usikiache kimelala kikiwa kimelowa, kinachafua nguo za jirani.

---

DobiWaUyole

Hapa mimi na mwalimu tunatofautiana kidogo, siki naitia kwenye maji ya mwisho ya vitenge na naona nguo inabaki na mng'ao. Lakini kuzuia rangi isitoke, sijawahi kumwahidi mteja.

---

Tukuyu_Mvua

Nani atatusaidia sisi wa mvua? Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tano nguo hazikauki, unazitoa kabatini zina nukta nyeusi na harufu ya pango. Nimefua, nukta zimebaki.

---

DobiWaUyole

Ugonile Tukuyu. Hiyo ni koga, na hapo ndipo namruhusu kaka wa Kabwe atoe Jik yake, kwa pamba nyeupe TU, ikiwa ndani ya maji, suuza sana. Nguo za rangi, siki na maji, loweka saa moja, fua, halafu jua lolote utakaloliona lisikupite. Anza kwa kuipiga brashi nje ikiwa kavu, usiipigie ndani, vumbi lake si zuri kwa mwenye pumu.

Zile nukta nyeusi zilizokaa msimu mzima zimeshakula uzi. Harufu itakwisha, nukta zitabaki kama kivuli. Kinga ni kutokunja nguo ikiwa na unyevu hata kidogo. Mteja wangu wa Tukuyu anaanika kwenye kamba juu ya jiko, lakini hapo unakwepa koga unapata masizi. Na masizi ukiyapata usifute kwa mkono wala maji. Puliza, kung'uta, ndipo sabuni.

---

MnyaluMpole

Dada, na ile bluu ya kufulia? Bibi yangu hakufua shuka bila bluu.

---

DobiWaUyole

Bluu haitoi doa. Inaficha unjano, jicho linaona weupe. Naitia kwenye maji ya mwisho, kidogo, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ikayeyuka vizuri. Ukimwaga unga wake moja kwa moja utapata nukta za bluu, na hizo nazo utaniletea.

---

Binti_Ilomba

Dada dobi samahani, ni haraka. Gauni la kipaimara la mdogo wangu, jeupe, ibada Jumapili. Kaangusha parachichi lililoiva kifuani. Nimechoma uzi kama fundi alivyosema, umeyeyuka ukawa kitufe. Sijatia kitu chochote bado. Parachichi limeanza kuwa kahawia.

---

DobiWaUyole

Poliesta, na hujatia kitu. Umenifurahisha mdogo wangu. Kwangua kwa mgongo wa kijiko, usisugue. Sabuni ya maji ya vyombo ikiwa kavu hivyo hivyo, kwa vidole, ndani na nje, iache robo saa, maji ya vuguvugu. Rudia mpaka ukipangusa pasiteleze, maana hapo mafuta yameisha. Ule ukahawia utakaobaki ni wa hewa, wa jamii moja na ule wa ndizi, kwa hiyo peroksaidi ya asilimia 3, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Kama gauni lina shanga au lesi ya kubandikwa, usiloweke lote, fanyia sehemu tu.

Pasi mbali mpaka Jumamosi jioni. Ikishindikana niletee kesho kabla ya saa nne, nikishaanza mashuka ya gesti sisikii simu.

---

Binti_Ilomba

Mafuta yametoka. Ukahawia umebaki kidogo sana, chini ya kola. Naenda duka la dawa.

---

FundiCherehani_Soweto

Kama ni chini ya kola na litagoma, leta nishone ua la kitambaa hapo. Elfu mbili tu.